Fomu ya Access imegoma kuleta data? Tafuta shida hivi kabla hujaanza kuiunda upya

Mtu akinipigia ati databesi imekufa, mara nyingi haijakufa. Data iko kwa tebo, fomu nayo iko, ni ile kamba inayoshikanisha hizo mbili ndio imekatika mahali, ama imefungwa kwa mti usiofaa. Mi niko Kisumu, na kazi yangu ni hizi databesi ndogo ndogo za Access, ile programu ya Microsoft, zenye ziko kwa maagroveti, vyama vya wakulima, kliniki na maduka ya spea kuanzia hapa mjini mpaka Ahero, Luanda na Kakamega. Shida yenye huniitia zaidi ni hii: boksi limeandika #Name?, ama fomu imefunguka nyeupe pe, ama inaonyesha kila kitu vizuri lakini ukijaribu kuandika inalia tu na haikubali.

Naandikia karani ama mwenye duka ambaye anaeza kurekebisha mwenyewe leo leo, badala ya kungoja fundi apande matatu kesho. Majina ya menyu nitayaacha venye yanaonekana kwa skrini ndio uyapate haraka. Na tafadhali fuata huu mpangilio, juu watu wengi huanza kwa kubadilisha fomu na kumbe shida iko kwa tebo, sasa wakimaliza wako na shida mbili.

Hatua ya kwanza: nakili faili

Ambia kila mtu atoke. Fungua folda yenye databesi iko uangalie kama kuna faili nyingine yenye jina lile lile lakini inaishia .laccdb. Ikiwepo, inamaanisha kuna mtu bado ako ndani, ama kuna kompyuta ilizimika ghafla stima ilipopotea na ikaiacha hapo. Wakishatoka wote, kopi faili, ibandike kando na uipe jina lenye tarehe. Kama databesi yenu imegawanywa mara mbili, moja iko na tebo na nyingine iko na fomu, kopi zote mbili.

Na kwa sababu nimetaja stima: rekodi unayoandika haijaseivika mpaka utoke kwa hiyo rekodi. Ukiona alama ya penseli upande wa kushoto wa rekodi jua bado iko hewani, stima ikipotea hapo imeenda. Fundisha karani kubonyeza Shift na Enter pamoja kabla hajainuka kwenda kuhudumia mteja, hiyo inaseivu bila kuhama rekodi.

Hatua ya pili: angalia tebo yenyewe

Usifungue fomu bado. Kwa ile orodha ya kushoto bonyeza tebo mara mbili. Kama data iko, basi shida ni ya fomu, ruka uende hatua ya tatu. Kama inakataa ikisema haioni faili, hapo kamba imekatika kati ya faili mbili, na fomu haina makosa yoyote.

Hii nimeiona sana kwa ofisi zenye hubeba data kwa flash. Jana flash ilikuwa E:, leo mtu amechomeka ya kuprinti kwanza kwa hivyo ya data imekuwa F:, na Access bado inabisha mlango wa E: ikikosa mtu. Nenda External Data, fungua Linked Table Manager, chagua tebo zote, uielekeze kwa faili mahali iko sasa. Lakini dawa ya kudumu ni kutoa hiyo data kwa flash uiweke kwa kompyuta moja yenye haizimwi ovyo, halafu wengine waifikie kwa njia ya netiwaki inayoanza na jina la kompyuta, kama \\OFISI1\Data\mauzo.accdb, juu hiyo njia haibadiliki herufi. Na waya ni bora kuliko WiFi hapa, sana. Access inaandika kwa faili moja kwa moja kupitia netiwaki, sasa WiFi ikikatika katikati ya kuandika, faili inaeza haribika.

Hatua ya tatu: fomu inachota wapi?

Bonyeza fomu kwa mkono wa kulia, chagua Design View, halafu F4. Itatokea Property Sheet upande wa kulia. Hakikisha pale juu kabisa pameandikwa Form, si jina la boksi fulani, juu ukishika boksi utakuwa unasoma propati za boksi ukidhani ni za fomu. Enda kwa tabu ya Data. Hapo kuna Record Source, na huu ndio mfereji mkuu wa fomu, ukiwa mtupu hakuna boksi litapata maji.

Ukikuta hapo jina la tebo ama kwiri, yaani ombi lenye linachota data kutoka kwa tebo, bonyeza vile vidoti vitatu pembeni, alafu iendeshe hiyo kwiri peke yake. Ikileta data, sawa. Ikikuuliza Enter Parameter Value na jina fulani chini yake, soma hilo jina polepole, ndilo limekosewa. Access ikikutana na jina lenye haijui inadhani unataka kujaza wewe, kwa hivyo inauliza. Mara nyingi mtu alibadilisha jina la fildi, yaani safu ya tebo, kutoka Kilo ikawa Kilos kwa tebo na akasahau kwiri.

Kama kwiri inaendeshwa bila kulalamika lakini fomu bado ni nyeupe, angalia vitu vitatu hapo hapo kwa tabu ya Data. Data Entry ikiwa Yes, fomu inaonyesha tu nafasi ya rekodi mpya, za zamani zote inazificha, na mtu anaeza lia kabisa akidhani data ya miaka imepotea. Filter ikiwa na maandishi na Filter On Load ikiwa Yes, inachuja kila ukifungua. Na ya tatu, kama kwiri haina rekodi hata moja na hairuhusu kuongeza mpya, ile sehemu ya katikati ya fomu inapotea yote, boksi na lebo zake.

Hatua ya nne: boksi lenyewe

Sasa shika boksi moja lenye linasumbua, kwa tabu ya Data angalia Control Source. Hapa ndio #Name? na #Error huzaliwa, na si kitu kimoja.

#Name? inamaanisha Access imetafuta hilo jina ikakosa. Ama fildi ilibadilishwa jina, ama haiko kwa kwiri ya fomu hata kama iko kwa tebo, ama umeandika hesabu ukasahau alama ya = mbele. Ukiwa kwa Design View utaona kapembe kadogo ka kijani kwa kona ya boksi, hako kanakuonyesha boksi lenye limepoteza mwenzake. Usiandike jina kwa mkono, fungua kile kimshale cha kushuka uchague kwa orodha. Kama fildi haiko kwa orodha, rudi hatua ya tatu uiongeze kwa kwiri.

Kuna #Name? nyingine yenye husumbua watu mpaka wanakata tamaa: boksi lina =Date() peke yake, hakuna fildi yoyote, na bado inaandika #Name?. Hii hutokea sana databesi ikihamishwa kompyuta. Bonyeza Alt na F11, enda Tools, References, utafute mstari wenye umeanza na MISSING. Toa tiki hapo. Hata kama hiyo maktaba haihusiani na tarehe kabisa, ikikosekana inavuruga zile zingine.

#Error nayo inasema jina nimelipata lakini hesabu imenishinda. Na hapa kuna mtego mmoja wenye umenipotezea masaa mengi nikianza hii kazi. Ukivuta fildi ya Bei kutoka kwa orodha ukaiweka kwa fomu, Access inalipa boksi jina lile lile la fildi, Bei. Baadaye unaamua hilo boksi lionyeshe bei mara kilo, unabadilisha Control Source iwe =[Bei]*[Kilo]. Sasa boksi linaitwa Bei na ndani yake linatafuta Bei, linajitafuta lenyewe, linazunguka, linatoa #Error. Enda tabu ya Other, kwa Name andika txtJumla ama kitu kingine chochote kisichofanana na fildi, imeisha.

Na jumla ya chini. Uko na boksi la txtJumla kwa kila mstari, sasa chini unaandika =Sum([txtJumla]) na inakataa. Sum inajua fildi tu, haijui maboksi. Andika =Sum([Bei]*[Kilo]), yaani rudia hesabu yenyewe. Kama kuna mistari yenye bei haijajazwa, weka Nz ndani, hiyo inageuza pengo kuwa 0, =Sum(Nz([Bei],0)*Nz([Kilo],0)).

Hatua ya tano: kombo, na hapa tukae kidogo

Kombo, yaani boksi lenye ukilibonyeza linashusha orodha ya kuchagua, iko na pande mbili na watu huzichanganya. Row Source ni orodha inayoshuka, inakotoka. Control Source ni mahali jibu linaenda kukaa. Bound Column nayo ndio inaamua ni safu gani ya ile orodha itaseiviwa. Kama kombo inaonyesha nambari badala ya jina la mtu, shida ni Column Count na Column Widths: weka Column Count 2, Column Widths 0cm;4cm, Bound Column 1, hapo nambari inafichwa na jina linaonekana lakini chenye kinaseiviwa bado ni nambari.

Sasa ile mbaya. Hiyo haina #Name?, haina #Error, haina mlio. Kuna chama kimoja cha wakulima upande wa Ahero niliwatengenezea fomu ya mapokezi ya mpunga. Juu ya fomu niliweka kombo ya kutafuta mwanachama, unachagua jina, chini inakuletea magunia yake yote. Ilifanya kazi vizuri, wakanishukuru, nikaenda. Baada ya wiki kadhaa karani akanipigia: "Fundi, kuna mzee ako hapa na risiti zake, anasema amepunguziwa magunia, na mimi sijafuta kitu, naapa."

Nikaenda. Mzee alikuwa ameketi kwa benchi na kitabu chake cha risiti kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, risiti zote ziko kwa mpangilio. Ilikuwa inakosekana moja, ya magunia 12. Nikamwambia karani, "Madam, hebu fungua venye wewe hufungua kila asubuhi, mi nitaangalia tu." Akafungua fomu. Rekodi ya kwanza ikatokea. Akaenda juu akachagua jina la mtu kwa kombo. Na kwa ile sekunde kabla data ibadilike, nikaona penseli imetokea kando ya rekodi.

Hiyo penseli ndio ilinipa jibu. Nilikuwa nimevuta hiyo kombo kutoka kwa orodha ya fildi, kwa hivyo Control Source yake ilikuwa MwanachamaID. Karani alikuwa anadhani anatafuta, kumbe anaandika. Kila akichagua jina, ile rekodi yenye ilikuwa mbele yake ilibadilishwa mwenyewe ikawa ya huyo aliyechaguliwa, halafu kuchuja kukafanya iseiviwe, halafu orodha ikatokea ikiwa imekaa sawa kabisa, isipokuwa ilikuwa na mstari mmoja wa mtu mwingine ndani yake. Magunia ya yule mzee yalikuwa yamehamia kwa jirani, na jirani naye asingejua. Kosa lilikuwa langu na nilimwambia mzee hivyo, na karani pia, juu tayari kulikuwa na watu wameanza kumwangalia vibaya.

Kwa hivyo fanya hivi leo, hata kama fomu yako haijalalamika. Fungua kila fomu kwa Design View, shika kila kombo yenye kazi yake ni kutafuta, angalia kama kwa boksi pameandikwa Unbound. Ukikuta jina la fildi, futa Control Source ibaki tupu. Ipe jina cboTafuta kwa tabu ya Other, halafu kwa tabu ya Event, After Update, chagua Event Procedure, bonyeza vidoti vitatu uandike:

If Not IsNull(Me.cboTafuta) Then
Me.Filter = "MwanachamaID = " & Me.cboTafuta
Me.FilterOn = True
End If

Hiyo ni kama nambari ya mwanachama ni ya tarakimu. Kama iko na herufi, kama KS014, lazima iwe ndani ya alama za nukuu moja:

Me.Filter = "MwanachamaID = '" & Me.cboTafuta & "'"

Kama ukishaandika haifanyi kitu, angalia ule mstari wa njano juu ya skrini wenye kitufe cha Enable Content. Usipokibonyeza, mistari yote ya VBA, yaani lugha ya hayo maagizo umeandika, imelala.

Kurudisha data ndio kazi. Sisi tulikuwa na kopi ya zamani, nikaiunganisha kando ya mpya, tebo moja nikaiita Zamani nyingine Mpya, nikaendesha hii:

SELECT Mpya.MapokeziID, Zamani.MwanachamaID, Mpya.MwanachamaID FROM Mpya INNER JOIN Zamani ON Mpya.MapokeziID = Zamani.MapokeziID WHERE Mpya.MwanachamaID <> Zamani.MwanachamaID;

Inakupa kila mapokezi yenye yalibadilisha mwenyewe. Usiyarudishe yote kwa mkupuo, juu mengine yanaeza kuwa karani alirekebisha kwa haki. Tulikaa na vitabu vya risiti tukapitia moja moja mpaka jioni, na magunia 12 yakarudi kwa mzee pamoja na mengine ambayo wenyewe walikuwa hata hawajagundua.

Hatua ya sita: inaonyesha lakini haikubali kuandika

Angalia chini kabisa ya skrini, kama pameandikwa This Recordset is not updateable, shida ni kwiri. Kwiri yenye inajumlisha kwa GROUP BY, yenye iko na DISTINCT, ama UNION, ama ya crosstab, haiwezi kuandikwa hata ufanye nini, kwa sababu mstari mmoja unaouona umetoka kwa mistari mingi na Access haijui ibadilishe upi. Fomu ya kuandikia iwe kwa tebo moja ama kwiri rahisi, jumla ziweke kwa fomu nyingine ama ripoti. Kama kwiri iko sawa angalia Allow Edits iwe Yes na Recordset Type isiwe Snapshot. Na kama faili yenyewe imefunguliwa ikiwa read-only, labda imo ndani ya zip ama folda hairuhusu kuandika.

Wenye mnatumia LibreOffice Base juu ni ya bure, tebo bila primary key, ile fildi yenye inatofautisha kila mstari na mwingine, inasomeka tu, haiandikiki. Bonyeza tebo kwa mkono wa kulia, Edit, weka hiyo key kwanza.

Hatua ya saba: fomu ndogo ndani ya fomu kubwa

Mteja juu, bidhaa zake chini. Kama chini unaona bidhaa za wateja wote, Link Master Fields na Link Child Fields ziko tupu. Shika ukingo wa nje wa fomu ndogo mara moja tu, ukibonyeza mara mbili umeingia ndani, halafu F4, tabu ya Data, ujaze zote mbili: Link Master Fields iwe MtejaID ya fomu ya juu, Link Child Fields iwe MtejaID ya fomu ya chini. Ile mistari iliyoandikwa wakati kamba haikuwepo itakuwa haina MtejaID na haitaonekana kwa mtu yeyote, itafute kwa tebo moja kwa moja.

Hatua ya nane: nambari za simu na tarehe

Fildi ya simu ikiwa Number, 0 ya mbele inapotea, kwa hivyo 07 inakuwa 7, na kutafuta hakupati kitu. Simu ni Short Text. Nambari ya muamala wa M-Pesa pia, ina herufi ndani.

Tarehe ni hatari zaidi kwa sababu inakosea wakati mwingine tu. Sisi tunaandika siku kwanza, lakini ndani ya VBA na SQL Access inasoma mwezi kwanza venye Wamarekani huandika. Ukichuja kwa #03/04/2024# ukitaka tarehe 3 Aprili, itakuletea 4 Machi. Na ukijaribu #13/04/2024# inafanya vizuri, kwa sababu hakuna mwezi wa 13 basi inageuza yenyewe, ndio maana mtu anatesti tarehe 20 anaona iko sawa, mwezi ukianza tu ripoti inaharibika. Andika hivi:

Me.Filter = "Tarehe = " & Format(Me.txtTarehe, "\#mm\/dd\/yyyy\#")

Hatua ya tisa: kama tebo ziko kwa SQL Server

Hii ni ya wale wenye tebo zao ziko kwa SQL Server, databesi kubwa ya Microsoft inayokaa kwa sava. Ukiona #Deleted kwa mstari mzima na hujafuta kitu, Access imeshindwa kumtambua huyo mstari kwa key yake. Hakikisha tebo ina primary key, halafu uiunganishe upya, juu mabadiliko ya kule kwa sava hayaji yenyewe. Na kama inasema mtu mwingine amebadilisha rekodi na uko peke yako ofisini, tafuta fildi ya bit (ya ndio ama hapana) yenye iko na Null, yaani haijajazwa kitu. Jaza 0, weka default 0, na ongeza kwa hiyo tebo safu ya rowversion, yenye sava hubadilisha yenyewe kila mstari ukiguswa.

Ukipitia hizi zote na bado, unda databesi mpya tupu, kwa External Data ingiza tebo, kwiri, fomu na ripoti zote kutoka kwa ile ya zamani, fungua Alt na F11, bonyeza Debug halafu Compile urekebishe kila mstari unaokataa, mwisho uendeshe Compact and Repair. Na angalia ukubwa wa faili ukiwa hapo, mwisho wa Access ni GB 2, ukikaribia hapo anza kuhamisha tebo kubwa kwa faili yake.